RAM Nne Zisizopatana

Mume wangu hatulii. Sisemi hatulii nyumbani, maana nyumbani yupo kutwa. Nasema yeye na kiti hawajawahi kuelewana. Anafunga skrubu mbili za kompyuta, anasimama. Anakwenda dirishani, anachungulia barabara kama anayengoja mgeni, anarudi, anafungua zile skrubu mbili alizozifunga. Chai yake huinywa akitembea. Ukimwuliza kulikoni, atakwambia anafikiri. Nimeishi naye miaka ishirini na sita na sijaona mtu mwingine anayefikiri kwa miguu.

Kazi yake ni kuunda kompyuta. Si kuuza zile zinazokuja zimefungwa kwenye maboksi, hapana. Mtu anakuja na haja yake, anasema mimi nahariri video, mimi napanga vitabu vya shule, naye anamtafutia kifaa kimoja kimoja, hiki kipya, kile kilichotumika, mpaka mashine isimame. Karakana yake ni chumba chetu cha mbele, kile ambacho kwa wenzetu ni sebule. Wageni wetu tunawakaribisha jikoni. Mezani kwake kuna mkeka wa mpira, bisibisi tisa, brashi ya kupakia rangi anayofutia vumbi, na kikombe cha skrubu ambacho asubuhi moja, sijaamka vizuri, nilikimiminia chai. Alikipokea akasema asante.

Mtaani wanamwita Fundi Bado. Ukija kuulizia mashine yako jibu ni hilo moja: bado. Bado nini, hasemi. Wateja wakimchoka huja kwangu jikoni, mimi ndiye ninayewapa kiti na maneno matamu. Tulikuwa na mzozo wetu wa methali, mimi na yeye. Mimi nikisema ngoja ngoja huumiza matumbo, yeye anajibu mwenda pole hajikwai. Nikamwambia siku moja, mwenda pole wangu, wewe huendi pole, wewe unazunguka meza.

Kinachomnyima raha hasa ni RAM. Ndivyo vile vipande vyembamba, virefu kama kidole, ambamo kompyuta huishikilia kazi inayoifanya wakati huo huo. Ukileta RAM ya kizazi kingine haiingii kabisa, ule mkato wake wa chini hauangukii mahali pake. Hiyo, anasema, ina adabu, imekukatalia mlangoni. Anayoiogopa ni ile inayoingia vizuri, inawaka, inacheka na watu, kisha siku ya tatu inakuharibia kazi kimya kimya. Mbaya zaidi ukichanganya jozi mbili zenye lebo moja, ukubwa mmoja, kasi moja, lakini ndani yake chipu ni za viwanda viwili. Kila jozi ikiwa peke yake haina kosa. Ukiziweka pamoja kwenye bodi moja, ule ubao unaobeba vifaa vyote, hazipatani.

Kwa hiyo kila mashine huipima siku mbili. Anaweka programu yake, skrini inakuwa nyeusi na maandishi meupe yanapanda bila kukoma, na mashine inakaa pale inajaza RAM na kuifuta, inajaza na kuifuta. RAM ikikosea, mstari mmoja hutoka mwekundu. Mteja hata awe anakimbilia ndege, ni siku mbili.

Hakuwa hivyo alipoanza. Miaka kumi na miwili iliyopita mpiga picha mmoja alimshikilia shati akitaka mashine yake siku ile ile, naye akampa. Wiki moja baadaye picha zote za harusi moja zilikuwa zimeharibika, bibi harusi ana nusu ya uso na nusu nyingine mistari. Mama wa yule bibi harusi alikuja hapa. Hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi letu la mlangoni saa nzima, mkoba mapajani, kisha akaondoka. Tangu hapo mume wangu hawezi kutamka neno tayari. Akimaliza mashine anakusogezea tu, anageuka upande mwingine. Hayo yote nayajua. Nayasema mapema ili usije ukanionea huruma mahali nisipostahili.

Sasa binti yetu. Ni kitinda mimba wetu, amesomea kuchora ramani za majengo, na alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili akipeleka barua za kuomba kazi kila ofisi yenye mlango. Mwishowe ofisi moja ikamwita, ikampa jaribio: achore zahanati ndogo, vyumba vinane, kisha atoe picha zinazoonekana kama jengo limeshasimama, jua linaingia madirishani na wagonjwa wamekaa kwenye viti. Apeleke kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ikiwapendeza, kazi anayo.

Kuchora alichorea kwenye kompyuta ya mkononi ya rafiki yake. Lakini kutoa zile picha kunataka mashine yenye nguvu, RAM nyingi, na mganga hajigangi. Nyumba nzima imejaa kompyuta na hatukuwa na moja ya kwetu. Baba yake akaahidi kumwundia. Wiki mbili alitembea zaidi ya kawaida yake. Bodi aliipata, prosesa iliyokubaliana na bodi, kadi ya picha, pawa saplai ya kuzilisha zote umeme. RAM alikuwa na jozi moja nzuri, aliyoitunza kwenye droo kama hati ya kiwanja. Jozi ya pili akaitoa kwenye mashine iliyokufa, lebo ile ile, kila kitu kile kile. Jumapili mchana akaziweka zote nne, mashine ikawaka mara ya kwanza. Binti akapiga vigelegele. Baba yake akaweka programu ya kupima akasema, "Bado, mama."

Jumatatu asubuhi alitazama skrini muda mrefu. Kisha akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Mji wa pili. Kuna mtu ana RAM."

"RAM si zimo humo ndani?"

"Zimo," akasema, na kwa miguu ile yake alikuwa ameshafika barabarani. Safari ya mji wa pili si ya kwenda na kurudi siku moja. Angelala kwa kaka yake mpaka azipate.

Jumanne adhuhuri rafiki wa binti akaja kuchukua kompyuta yake. Hakukosea, ni yake, na alikuwa na kazi yake. Lakini binti yangu alibaki amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, na flashi yenye ramani zake kaishika ngumini. Hakulia. Angelia ningempigia kelele na yangeisha. Alikaa tu, anatazama sakafu.

Nikampigia baba yake simu.

"Mtoto hana pa kufanyia kazi. Nimpe hii mashine?"

"Bado," akasema. Nyuma yake nilisikia watu wa dukani wakibishana bei.

"Bado nini?"

"Bado, mke wangu. Nitakupigia."

Hakunipigia. Nikangoja saa moja, nikangoja mbili. Nikasema moyoni, huyu hata Ijumaa ikifika na ikapita atakuwa anazunguka. Hasira ilinipanda, na hasira yangu haina breki. Nikaingia karakana. Maandishi meupe yalikuwa yanapanda vile vile. Na katikati yake palikuwa na mstari mmoja mwekundu.

Niliuona. Nilisimama nikautazama. Mstari mmoja, nikajiambia, kati ya mistari elfu. Hata mchele huwa na jiwe. Nikabonyeza kitufe mpaka mashine ikazima, nikaibeba mwenyewe, nzito kama gunia la sukari, nikaiweka kwenye meza ya binti yangu.

"Baba amesema iko tayari?" akaniuliza, macho yamemtoka.

"Amesema iko tayari," nikamjibu.

Alipaswa angalau kushangaa. Hilo neno hajalisikia kwa baba yake tangu ana miaka kumi na mmoja. Lakini mtu mwenye shida hapimi maneno. Alinikumbatia, akachomeka nyaya, akaanza.

Jumatano mashine ilijizima ikajiwasha mara mbili. Akadhani ni umeme. Mimi nikasema ndiyo, ni umeme, siku hizi umeme haueleweki. Unaona uongo ulivyo? Wa kwanza unautafuta kwa tochi, wa pili unakuja wenyewe. Mchana ule nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilipita mlangoni kwake mara nyingi sana, nikisikiliza ile feni, na kila ikibadili mlio narudi tena. Nikatambua kwamba nami nilikuwa nafikiri kwa miguu.

Alhamisi asubuhi nilisikia, "Hapana. Hapana, hapana." Nikaenda mbio. Faili la ramani lilikuwa halifunguki. Picha tano alizokwisha kuzitoa zilikuwa na mabaka: ukuta wa chumba cha mapokezi umekatika, mgonjwa mmoja kichwa chake kiko kwenye dari. Siku mbili za kazi. Kilichobaki ni nakala ya Jumanne kwenye ile flashi.

Baba yake aliingia saa tatu, vumbi hadi kwenye nyusi, mkononi kaboksi kadogo. Aliingia kwanza karakana, akaona meza tupu. Akaja chumbani. Binti akamgeukia, na sijawahi kumsikia akisema na baba yake kwa sauti ile.

"Baba, ulisema iko tayari!"

Mume wangu alitazama mashine. Akatazama zile picha. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Ndiyo," akamwambia mtoto. "Nilisema. Nisamehe, mama. Nilikosea."

Nilitaka ardhi inimeze, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Yule ni mtu anayeweza kukaa na mashine ya mteja mwezi mzima kwa sababu ya mlio asioupenda. Na pale alikubali mbele ya mwanawe kwamba alitoa kazi mbovu. Nami nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na haraka, nikajiambia, na haraka ilikuwapo kweli.

Hakupoteza muda. Akafungua kasha la mashine, akazing'oa zile RAM mbili za mashine iliyokufa, akabakiza jozi yake ya kwenye droo.

"Na hizo mpya?" binti akauliza, akionyesha kaboksi.

"Hizi ni pacha, zimetoka kiwandani pamoja. Lakini sijazipima, na muda wa kuzipima hatuna. Hizi mbili za zamani nazijua. Zitakwenda polepole. Chora chumba kimoja, toa picha, hifadhi kwenye flashi, funga. Kisha kingine."

Wakafanya hivyo, chumba kimoja kimoja. Yeye alikaa. Ndiyo, alikaa, kwenye stuli pembeni ya mwanawe, tangu Alhamisi hadi Ijumaa, akitoka tu kunawa uso, anahesabu dakika za kila chumba na kuandika kwenye kipande cha katoni. Aliyetembea ni mimi. Nilileta chai, nikaondoa chai ambayo haijanywewa, nikaleta nyingine. Ijumaa saa tisa chumba cha saba kikatoka. Saa kumi na nusu cha nane kilikuwa bado kinaunguruma. Saa kumi na dakika hamsini kikatoka, jua limeanguka sawasawa kwenye kitanda cha mgonjwa, hakuna baka. Akatuma. Kisha akalala hapo hapo mezani, shavu juu ya kibodi, na skrini ikajaa herufi moja.

Jumatano iliyofuata walimpigia simu: kazi ameipata, aanze Jumatatu. Tuliruka jikoni kama watoto. Wifi yangu, shangazi yake binti, akaja alasiri ile ile, maana habari njema humfikia kabla ya wenyewe. Tukakaa wote wanne kuzunguka meza ya jikoni, na binti akaanza kusimulia.

Anajua kusimulia, kanirithi mimi. Akamwigiza yule mgonjwa wa kwenye dari mpaka wifi akashika mbavu. "Na Fundi Bado wangu huyu," akasema, akimpiga baba yake begani, "mwaka huu ndiyo kaamua kusema tayari, na kwa nani? Kwangu! Wateja wote wanangoja mwezi, mimi napewa mbovu."

"Uzee, kaka," wifi akasema huku akicheka. "Macho yanakwenda."

"Mshahara wa kwanza," binti akasema, "nanunua mashine dukani. Iliyofungwa kwenye boksi lake. Usinune, Baba, ni utani."

Lakini haukuwa utani wote, na kila aliyekuwa mezani alijua. Mume wangu akacheka, kicheko kifupi, akasema, "Sawa, mama. Za dukani nazo ni nzuri." Akaanza kusukuma makombo ya mkate kwa kidole, akiyapanga mstari, akiyavuruga.

Hapo nikashindwa. Siku sita nilikuwa nimelibeba, na hata uso wake nilikuwa sithubutu kuutazama tukiwa wawili.

"Baba yako hakusema," nikasema.

"Hakusema nini?"

"Hakusema iko tayari. Nilisema mimi. Nilimpigia simu akaniambia bado. Niliizima mimi, nikakuletea mimi. Yeye alikuwa safarini anakutafutia RAM nyingine, kwa sababu alijua zile hazipatani."

Wifi akaweka kikombe chini. Binti akanitazama, kisha akamtazama baba yake.

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ulikuwa na kazi ya kumaliza," baba yake akajibu. "Ungegombana na mama yako saa ngapi?"

Binti alisimama, akaenda chumbani kwake, nikadhani kaenda kulia au kufunga mlango. Akarudi ameikumbatia ile mashine, kebo zinaburuta sakafuni. "Baba," akasema, "naanza Jumatatu. Niwekee zile pacha. Uzipime hata mpaka Jumapili." Akapita nayo kwenda karakana. Wifi akakumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wa nyumba yake wazi.

Nikamfuata mume wangu karakana. Alikuwa ameshaweka zile RAM mpya, anafunga kasha kwa skrubu moja moja. Binti alitoka bila kunigusa, na nilimwelewa. Ilimchukua siku nne kuniita mama tena kwa sauti yake ya kawaida. Mashine ikawaka. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakaanza kupanda. Nikasimama pembeni yake, bega kwa bega, na moyo wangu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi. Ndoa yetu ni nzuri, nikawaza. Nani mwingine angenifanyia vile?

"Sikukulaumu," akasema, macho kwenye skrini. "Nilipaswa kukueleza kwenye simu. Ulipoizima maandishi yalikuwa bado meupe yote, sivyo? Nilipoondoka ilikuwa imeonyesha kosa moja, lakini huo mstari hupanda ukapotea juu. Wewe usingejua."

Alikuwa amenitengenezea mlango, nami nilihitaji kupita tu. Kusema ndivyo, au kunyamaza kama nilivyonyamaza Alhamisi.

"Kulikuwa na mwekundu," nikasema. "Katikati kabisa."

Akageuka. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Uliuona, ukazima?"

"Ndiyo."

Alichukua bisibisi, akaiweka chini, akaichukua tena. Akaenda dirishani. Akanipa mgongo, na nyuma yangu mashine ilikuwa inajaza na kufuta.

"Ningejua uliuona," akasema, "nisingesema ni mimi."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana sikukuambia."